Kitambaa cha Miraba na Hati za Lakiri: Jinsi Wafalme wa Uingereza Walivyojenga Serikali, 1066–1215

Mfalme wa Ulaya ya magharibi katika karne ya 11 alipakwa mafuta matakatifu kanisani na kuvikwa taji mbele ya maaskofu, lakini akishatoka hapo uwezo wake ulikuwa mdogo kuliko tunavyodhani tunapolisikia neno mfalme. Hakuwa na jeshi la kudumu wala polisi, hakuwa na watumishi wa mshahara waliotapakaa nchini, na hakuwa na mji mkuu wa kukaa. Alihama na watu wake kutoka mashamba haya ya kifalme hadi mengine, wakila mazao ya mahali walipofikia. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mikononi mwa makabaila waliompigia magoti na kumwapia utii, wakapewa ardhi kwa ahadi ya kumletea wapiganaji wa farasi wakati wa vita, na chini ya makabaila hao walikuwapo mabwana wadogo walioapa kwao, si kwa mfalme. Mtu aliyenyang'anywa shamba alipeleka shauri lake katika baraza la bwana wake, na mara nyingi bwana huyo huyo ndiye aliyekuwa mnyang'anyi. Huko Ufaransa, ukoo wa Hugues Capet, ulioshika taji mwaka 987, ulikaa zaidi ya karne nzima ukiwa na amri ya kweli katika eneo la Paris hadi Orléans tu, na hata humo walikuwamo mabwana wa ngome waliowapora wasafiri barabarani.

Miaka 200 baadaye mambo yalikuwa mengine kabisa. Wafalme wa Uingereza na Ufaransa walikuwa na majaji waliozunguka nchini kwa jina lao, maofisa waliotoa hesabu kwao, na ofisi za makarani zilizotunza nakala za barua zilizotumwa. Mageuzi haya huelezwa mara nyingi kwa vita: mfalme aliwashinda makabaila, akabomoa ngome zao, akatawala. Vita vilikuwapo kweli, lakini kumshinda mtu vitani ni kazi ya siku moja, ilhali kumtawala ni kazi ya kila siku, nayo huhitaji kujua ana nini, anadaiwa nini na anamdhulumu nani. Kwa maoni yangu makarani, wahesabu na majaji walichangia zaidi kuliko wapiganaji, na nitalieleza hilo kwa mfano wa Uingereza kati ya mwaka 1066 na 1215, kwa sababu ndiko kumbukumbu za wakati huo zilikohifadhiwa kwa wingi na ndiko mtu anakoweza kuiona serikali ikiundwa kipande kwa kipande.

William, mtawala wa Normandie, jimbo la kaskazini mwa Ufaransa, alimshinda Mfalme Harold wa Uingereza karibu na Hastings tarehe 14 Oktoba 1066, na siku ya Krismasi ya mwaka huo akatawazwa Westminster. Ushindi huo ulimpa nafasi ambayo wafalme wenzake hawakuipata, kwa sababu aliichukua nchi nzima kuwa mali yake, akawagawia wafuasi wake kwa masharti, hata ikawa hakuna kipande cha ardhi ambacho mmiliki wake hakupewa na mfalme, ama moja kwa moja ama kupitia bwana mwingine. Lakini lililo muhimu vilevile ni kwamba William hakuanza kujenga upya. Wafalme wa Kisaksoni waliomtangulia walikwisha kuigawa nchi katika kaunti, na kila kaunti katika maeneo madogo ambayo tunaweza kuyaita tarafa. Kila kaunti ilikuwa na sherifu, yaani mwakilishi wa mfalme, neno ambalo halina uhusiano na sharifu wetu wa pwani. Kulikuwa na kodi iliyotozwa kwa ukubwa wa ardhi, na kulikuwa na desturi ya mfalme kutuma amri fupi iliyoandikwa kwenye kipande cha ngozi na kutiwa lakiri. Mshindi huyo aliyekuta vyombo vizuri alikuwa na busara ya kutovivunja.

Wakati wa Krismasi ya mwaka 1085, akiwa Gloucester, William alizungumza na washauri wake kisha akaamuru nchi ichunguzwe. Katika mwaka 1086 maofisa wake walizunguka kaunti kwa kaunti, wakawaapisha sherifu, makabaila, kasisi na wawakilishi wa kila kijiji, na kuwauliza maswali yale yale: shamba hili linaitwaje, nani alilishika zama za Mfalme Edward aliyemtangulia Harold, nani analishika sasa, lina majembe ya kukokotwa mangapi, wakulima wangapi, vinu vingapi, malisho kiasi gani, lilikuwa na thamani gani na sasa lina thamani gani. Mwandishi wa tarikh ya Kisaksoni alilalamika kwa uchungu kwamba hapakuachwa hata ng'ombe mmoja wala nguruwe ambaye hakuandikwa. Matokeo yake ni daftari lenye maelezo ya mahali zaidi ya 13,000, ambalo wenyeji walikuja kuliita Domesday, yaani Siku ya Hukumu, kwa kuwa hukumu yake haikuwa na rufaa. Mwaka huo huo, huko Salisbury, William aliwakusanya wamiliki wakubwa wa ardhi, hata wale waliokuwa chini ya mabwana wengine, wakamwapia yeye binafsi utii unaotangulia utii mwingine wowote. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja: kwa kiapo mfalme alidai kwamba kila mwenye ardhi ni mtu wake, na kwa daftari alijua mtu huyo ana nini.

Daftari, hata hivyo, huzeeka mara tu linapofungwa. Ilihitajika njia ya kufuatilia fedha mwaka hadi mwaka, na hiyo ilipatikana katika utawala wa Henry wa Kwanza, mtoto wa William, aliyeshika taji kuanzia mwaka 1100 hadi 1135. Msimamizi wake mkuu alikuwa Roger, Askofu wa Salisbury, na chini yake likakua baraza la hesabu, Exchequer, lililopata jina kutokana na kitambaa chenye miraba kama ubao wa sataranji, kilichotandikwa juu ya meza ya urefu wa futi 10 na upana wa futi 5. Tunajua utaratibu wake kwa undani kwa sababu Richard FitzNeal, aliyekuwa mtunza hazina wa Henry wa Pili, aliuandikia kitabu kizima, na napenda kukaa hapa kidogo, kwa kuwa ndipo nguvu ya mfalme inapoonekana kwa macho.

Mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na mwishoni mwa Septemba, kila sherifu alifika mezani na fedha zake. Makarani waliandika kwa tarakimu za Kirumi, ambazo hazifai kwa kujumlisha, hivyo hesabu ilifanywa kwa vihesabio vilivyowekwa kwenye safu za kitambaa: safu ya peni, safu ya shilingi (neno ambalo baadaye lilifika hadi mifukoni mwetu), safu ya pauni, ya pauni ishirini ishirini, ya mamia na ya maelfu. Upande mmoja viliwekwa vihesabio vya deni analodaiwa sherifu na upande wa pili vile alivyolipa, hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuona pengo lililobaki. Stakabadhi yake ilikuwa kijiti kilichochanjwa alama: pauni elfu moja ilikuwa chale pana kama unene wa kiganja, pauni mia upana wa kidole gumba, pauni ishirini upana wa kidole cha mwisho, pauni moja ukubwa wa punje nene ya shayiri, na peni moja mkato mwembamba usioondoa mti wowote. Kijiti kilipasuliwa kwa urefu, nusu moja akapewa aliyelipa na nusu ya pili ikabaki kwa mfalme, na siku ya kukaguliwa nusu hizo mbili ziliunganishwa. Chale zisipolingana, udanganyifu umejulikana papo hapo. Deni lililobaki liliandikwa kwenye gombo la ngozi na kusomwa tena mwaka uliofuata. Gombo la zamani zaidi lililosalia ni la mwaka 1130, na vijiti vya namna hiyo viliendelea kutumika Uingereza hadi mwaka 1826.

Kitabu cha FitzNeal kinamtaja mtu mmoja anayestahili kukumbukwa. Mezani alikaa Thomas Brown, mzaliwa wa Uingereza aliyewahi kumtumikia Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, kisiwa ambacho mfalme wake Mkristo alitawala kwa msaada wa makarani wa Kiarabu, na ambako ofisi ya mapato iliitwa diwani, neno lile lile ambalo Kiswahili kinalitumia kwa mjumbe wa halmashauri. Kwenye nyaraka za Kiarabu za kisiwa hicho Brown anaitwa Kaid Brun. Alirudi Uingereza baada ya Roger kufariki, na Henry wa Pili akampa kiti mezani pamoja na gombo lake mwenyewe la kumbukumbu. Kwa Roger huyo huyo ndiko al-Idrisi alikoandika jiografia yake, iliyokamilika mwaka 1154, ambayo ndani yake Malindi na Mombasa zimetajwa. Ufundi wa kutawala haukuwa mali ya taifa moja, na ulisafiri pamoja na watu.

Henry wa Kwanza alipofariki bila mtoto wa kiume aliye hai, mpwa wake Stephen na binti yake Matilda waligombania taji kwa karibu miaka 20. Mabwana walijenga ngome bila ruhusa, mapato ya hazina yakaporomoka, na mwandishi wa zama hizo akaeleza kuwa watu walisema waziwazi kwamba Kristo na watakatifu wake wamelala. Naitaja miaka hiyo kwa haraka, lakini bila kuikumbuka hatuwezi kuelewa kwa nini watu wengi, hata baadhi ya makabaila, walikuwa tayari kumpokea mfalme mwenye mkono mzito.

Mfalme huyo alikuwa Henry wa Pili, mtoto wa Matilda, aliyetawazwa mwaka 1154 akiwa na umri wa miaka 21. Pamoja na Uingereza alishika Normandie na Anjou, na kwa ndoa yake na Eleanor wa Aquitaine alipata pia kusini-magharibi ya Ufaransa, hivyo aliishi safarini na hakuweza kutawala kwa kuwapo kwake binafsi. Alizibomoa ngome zisizo na kibali na akaendeleza desturi ya kupokea fedha badala ya utumishi wa vita, ili aweze kuwalipa askari anaowachagua mwenyewe. Mwaka 1170 aliagiza uchunguzi kuhusu masherifu, ambao walikuwa wakilipa kiasi maalumu kwa mfalme na kubaki na chochote walichokamua zaidi kwa wananchi, na wengi wao wakafukuzwa kazi.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa katika sheria. Mwaka 1166, kwa amri iliyotolewa Clarendon, kila tarafa ilitakiwa kuleta watu 12 waaminifu, na kila kijiji watu 4, waape na kuwataja wote wanaoshukiwa kuwa wezi, wanyang'anyi au wauaji. Hadi hapo uhalifu ulikuwa zaidi jambo la mdhulumiwa na jamaa zake kumshtaki mdhulumu. Sasa jamii nzima ilitakiwa kumtaja mhalifu mbele ya mtumishi wa mfalme. Njia ya kuthibitisha kosa bado ilikuwa kiapo cha maji, ambapo mshukiwa alifungwa na kutumbukizwa: akizama hana hatia, akielea amehukumiwa. Mwaka 1215 Kanisa lilipowakataza mapadri kushiriki katika viapo hivyo, Waingereza hawakuwa na haja ya kutafuta mbali chombo cha kuchukua nafasi yake, kwa maana watu 12 walioapishwa walikwisha kuzoeleka.

Karibu na wakati huo huo Henry alianzisha utaratibu wa ardhi ambao, kwangu mimi, ndio uliobadilisha zaidi uhusiano kati ya mfalme, kabaila na mtu wa kawaida. Tuchukulie mtu huru aliyefukuzwa shambani na bwana wake. Zamani angeshtaki katika baraza la bwana huyo, au shauri lingeamuliwa kwa pambano la silaha. Sasa alikwenda kwa makarani wa mfalme, akalipia hati fupi yenye maneno yaliyopangwa tayari, inayomwamuru sherifu awaite watu 12 huru wa jirani walione shamba lenyewe, kisha waje mbele ya majaji wa mfalme kujibu swali moja: je, fulani alimtoa fulani katika ardhi yake bila haki na bila hukumu, tangu tarehe iliyotajwa? Wakijibu ndiyo, anarudishwa.

Ubora wa utaratibu huu uko katika udogo wa swali lake. Haukuuliza nani mwenye haki ya asili ya ardhi hiyo, jambo ambalo lingerudisha watu kwenye nasaba na ugomvi wa mababu; uliuliza nani alikuwa akilima pale juzi, jambo ambalo majirani wanalijua bila kupepesa macho. Mwaka 1176 ukaongezwa utaratibu wa mrithi: je, baba wa mlalamikaji alikufa akiwa ameishika ardhi hii, na je, mlalamikaji ndiye mrithi wake wa karibu? Maana yake ni kwamba bwana hakuweza tena kuitwaa ardhi ya marehemu na kumwacha mwanawe nje. Mwaka huo huo majaji 18 waligawanywa katika makundi 6 na kutumwa kuzunguka nchi nzima, na mwaka 1178 majaji watano wakateuliwa kukaa kusikiliza mashauri katika baraza la mfalme. Majaji walewale walipohukumu York na kisha kuhukumu Devon, tofauti za desturi za mahali zilianza kumezwa na sheria moja ya pamoja kwa nchi nzima, ambayo kwa njia ya ukoloni ilikuja kuwa sehemu ya sheria zetu: mahakama za Kenya zilielekezwa kuitumia kama ilivyokuwa Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, za Uganda tarehe 11 Agosti 1902, na za Tanganyika tarehe 22 Julai 1920.

Angalia kwamba Henry hakuyafuta mabaraza ya makabaila. Aliyaacha yalipo, akafungua mlango mwingine ulio wa haraka zaidi, na watu wenyewe wakauchagua. Kila aliyeupita alilipa ada, kila aliyeshindwa alitozwa faini, na kila hukumu ilimfundisha mtu kuwa juu ya bwana wake yuko mwingine. Mapato na mamlaka vilikua pamoja. Ni lazima nikiri kwamba mlango huo haukuwa wa wote. Wakulima wasio huru, waliofungwa kwenye mashamba ya mabwana wao na ambao walikuwa sehemu kubwa ya watu wa vijijini, hawakuweza kutumia hati hizo dhidi ya bwana, na kadiri sheria ya mfalme ilivyozidi kumlinda mtu huru ndivyo ilivyozidi kuwa muhimu, na kuumiza, kuamua nani si huru.

Pia mfalme hakushinda kila mahali. Mwaka 1164 alidai kwamba makasisi wanaotenda uhalifu wasikingwe na mahakama za Kanisa, na Askofu Mkuu Thomas Becket akakataa. Ugomvi wao uliishia kwa Becket kuuawa na wapiganaji wa mfalme ndani ya kanisa lake la Canterbury tarehe 29 Desemba 1170. Miaka minne baadaye Henry alitembea hapo kwa miguu mitupu, akachapwa viboko na watawa, na suala la makasisi likabaki kwa sehemu kubwa kama Kanisa lilivyotaka.

Kipimo cha mashine hii kilikuja chini ya mwanawe Richard, aliyetawala miaka 10, kuanzia 1189 hadi 1199, na katika miaka hiyo alikaa Uingereza miezi michache tu. Alikuwa katika Vita vya Msalaba, kisha akawa mfungwa Ujerumani, na kikomboleo chake kilipangwa kuwa maki 150,000. Nchi isiyo na mfalme iliendelea kutawaliwa, mashauri yaliendelea kusikilizwa, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ya kutisha ilikusanywa. Tangu mwaka 1199, chini ya Askofu Mkuu Hubert Walter, ofisi ya barua za mfalme ilianza kunakili kwenye magombo hati ilizozitoa, na mtu aliyedai kupewa haki fulani na mfalme aliweza kuthibitishiwa au kuumbuliwa na nakala.

Jinsi nyaraka zilivyokuwa silaha, Mfalme Philippe Auguste wa Ufaransa alijifunza kwa machungu. Mwaka 1194, huko Fréteval, Richard aliuteka msafara wake, na pamoja na mizigo zikapotea nyaraka alizokuwa akisafiri nazo kama walivyofanya babu zake. Tangu hapo kumbukumbu za taji la Ufaransa ziliwekwa Paris. Alikuwa pia ameanza kutumia maofisa wa mshahara waliosikiliza mashauri na kuleta hesabu, na alipoiteka Normandie mwaka 1204 alikuta huko mahakama na hazina zilizojengwa kwa mtindo wa Henry, akazitumia.

Kupotea kwa Normandie kulimwangukia John, mdogo wake Richard aliyerithi taji lake. Ili kuirudisha aliikaza mashine yote aliyorithi: fedha za badala ya utumishi wa vita zilidaiwa mara nyingi kuliko zamani, warithi walitozwa viwango vya kuwafilisi, na madeni yaliyoandikwa mezani pa miraba yakageuka kamba ya kumkaba kabaila ambaye mfalme hamwamini. Mwaka 1214 washirika wake walishindwa na Philippe vitani huko Bouvines, na mwaka uliofuata makabaila waliasi. Tarehe 15 Juni 1215, kwenye uwanda wa Runnymede kando ya mto Thames, John aliikubali hati iliyokuja kuitwa Magna Carta.

Hati hiyo husomwa mara nyingi kama kushindwa kwa utawala wa mfalme, na ni kweli vifungu vyake vinamzuia asitoze fedha fulani bila ushauri wa nchi, na asimfunge mtu huru wala kumnyang'anya mali isipokuwa kwa hukumu halali ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Lakini vifungu vya 17 na 18 vinasema jambo ambalo lingemshangaza babu wa kila kabaila aliyekuwapo pale. Kifungu cha 17 kinataka mashauri ya kawaida yasikilizwe mahali maalumu, yasiburutwe nyuma ya msafara wa mfalme. Kifungu cha 18 kinataka mfalme atume majaji wawili katika kila kaunti mara nne kwa mwaka, wakae na wapiganaji wanne waliochaguliwa na kaunti yenyewe, wasikilize mashauri yale yale ya kufukuzwa shambani na ya kunyimwa urithi ambayo Henry aliyaanzisha ili kupenya juu ya vichwa vya makabaila. Watu waliokuja na silaha kumdhibiti mfalme walimdai majaji wake kwa wingi zaidi. Toleo la mwaka 1217 lilipunguza safari hizo hadi moja kwa mwaka, na katika toleo la mwaka 1225, ambalo ndilo lililodumu, kifungu hicho bado kimo.